Dawati Halipungui Bei kwa Kupunguza Chuma

Nyuma ya madarasa ya shule nyingi za Songwe, iwe Tunduma mjini, Vwawa au kule bondeni Kamsamba, kuna rundo la madawati mabovu. Watoto wanalirukia, mbuzi wanalala kivulini mwake, na kila mwaka linaongezeka kidogo. Ukilichunguza kwa makini, na mimi nimelichunguza sana wakati wa BTP maana Ijumaa mchana shuleni ni ndefu, utagundua kwamba madawati hayafi hovyohovyo. Yanakufa sehemu zilezile. Mguu wa nyuma umekatika pale ulipochomelewa na kikalio. Ubao wa kukalia umepinda na skrubu zimeng'oka. Ile sehemu ya juu ya kuandikia mara nyingi bado nzima kabisa, imeandikwa tu majina ya watu na timu zao.

Yaani hela ilikuwepo, ila iliwekwa mahali ambapo haikuhitajika sana, na ikakosekana mahali palipohitajika. Hilo ndilo suala la makala hii: namna ya kubuni kitu kikawa cha bei nafuu bila kukifanya kibovu. Nimechagua dawati kwa sababu kila msomaji wa jarida hili amewahi kulikalia, na kwa sababu nyingine nitakayoisema hivi punde.

Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza, watoto walifurika madarasani kuliko samani zilizokuwepo. Rais Magufuli akawaagiza viongozi wa mikoa kumaliza upungufu wa madawati, na Bunge likatoa shilingi bilioni 6 zilizookolewa kwenye matumizi yake ili kusaidia kazi hiyo. Songwe yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imemegwa kutoka Mbeya mwaka huohuo, kwa hiyo mkoa mchanga ulianza maisha ukiwa na deni la madawati mkononi. Mafundi walichomelea usiku na mchana. Kilichohesabiwa ni idadi: mangapi yamefika, mangapi bado. Haikuwa rahisi kwa wakati ule kuuliza dawati moja litakaa miaka mingapi.

Sasa ile sababu nyingine. Sisi tunaosomea ualimu tunadhani mambo ya kubuni bidhaa ni ya wenzetu wa uhandisi. Lakini siku hizi fedha za miradi zinafika shuleni moja kwa moja kwa utaratibu wa fosi akaunti, na shule inaunda kamati yake ya manunuzi, kamati ya ujenzi na kamati ya mapokezi. Mwalimu mgeni, kijana, anayejua kuandika vizuri, ndiye anayewekwa kwenye kamati. Ndugu yangu, wewe ndiye utakayesaini kwamba mzigo umepokelewa ukiwa katika hali nzuri. Na ukipangwa kwenye shule yenye mkondo wa amali, huenda ukaulizwa na wanafunzi kwa nini mguu uwe hivi na siyo vile. Na hata usipopata ajira haraka, jambo ambalo wote tunalijua, karakana ya samani mtaani ni mahali pazuri zaidi pa kusubiria kuliko kijiweni.

Tuanze na swali moja ambalo lina historia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Marekani vilikosa malighafi nyingi. Mhandisi mmoja wa kampuni ya General Electric, Lawrence Miles, aliyekuwa upande wa ununuzi, alizoea kuambiwa kwamba kifaa fulani hakipatikani. Badala ya kung'ang'ania kifaa hicho, akawa anauliza: kinafanya kazi gani? Halafu anatafuta kitu kingine kinachoweza kufanya kazi hiyohiyo. Mara nyingi kile mbadala kilikuwa cha bei ndogo, na wakati mwingine kilikuwa bora zaidi. Mwaka 1947 njia hiyo ikawa mpango rasmi ndani ya kampuni, na baadaye ikaenea duniani kwa jina la uchambuzi wa thamani.

Sharti la Miles lilikuwa kwamba kazi ya kila kipande itajwe kwa maneno mawili: kitenzi na nomino. Kwa Kiswahili inakaa vizuri sana. Mguu: kubeba uzito. Ubao wa juu: kuegemeza daftari. Bomba la mlalo chini ya miguu: kuzuia kuyumba. Kile kirafu cha chini: kuhifadhi begi. Ukishafika hapo, swali linalofuata linakuja lenyewe. Kuhifadhi begi kunahitaji ubao mzima? Kwa mtoto wa darasa la tatu mwenye mfuko wa rambo na madaftari manne, kulabu mbili za nondo nyembamba zilizochomelewa pembeni zinatosha, na hazijai maganda ya miwa. Lakini kuna kazi nyingine ya kirafu ambayo watu wanaisahau: katika baadhi ya miundo ndicho kinachounganisha pande mbili za dawati zisifunguke. Ukikiondoa bila kuangalia, umepunguza gharama na umeondoa uti wa mgongo. Kwa hiyo kabla ya kutoa kipande, taja kazi zake zote, siyo ile moja inayoonekana.

Jambo la pili ni hesabu, tena ya shule ya msingi. Chuma hakiuzwi kwa sentimita. Bomba la mraba linakuja na urefu wa mita 6, plaiwudi inakuja futi 8 kwa 4, yaani karibu sentimita 244 kwa 122, na mbao nyingi unazipata za futi 12. Anayechora bila kukumbuka vipimo hivyo anachora mabaki.

Chukua mguu. Tuseme mchoro unataka miguu ya sentimita 80. Bomba moja linatoa miguu 7 na kinabaki kipande cha sentimita 40. Shusha mguu hadi sentimita 74, urefu ambao kwa meza ya sekondari bado ni mzuri, na bomba lilelile linatoa miguu 8, huku sentimita 8 zikibaki kwa ajili ya unene wa msumeno. Madawati 100 yana miguu 400. Kwa mchoro wa kwanza unahitaji mabomba 58, kwa wa pili 50. Mabomba 8 yameokolewa na hakuna mtu aliyenunua chuma chembamba.

Sasa angalia ubao wa juu, hapa ndipo panaponifurahisha mimi. Mtu anasema, "Tubane matumizi, dawati liwe na urefu wa sentimita 110 badala ya 120." Inasikika kama busara. Upana tuseme ni sentimita 40. Kwenye plaiwudi moja, upande wa sentimita 122 unatoa vipande vitatu vya 40. Upande wa 244 unatoa vipande viwili vya 110, na sentimita 24 zinatupwa. Jumla bao 6. Haya, rudisha 120: upande wa 244 bado unatoa viwili, na jumla bado ni bao 6! Kwa hiyo yule mbana matumizi hakuokoa hata shilingi moja, ila amewabana watoto watatu wanaokaa hapo. Kwa sentimita 110 kila mmoja anapata chini ya 37. Kwa 120 kila mmoja anapata 40 kamili. Mbao za futi 12 nazo zinakubali: futi 12 ni kama sentimita 366, inatoa vipande vitatu vya 120 na kidogo cha kusawazisha.

Fundi mzuri anafanya hesabu hii kichwani. Tatizo ni kwamba mara nyingi mchoro unatoka ofisini ukiwa tayari na 110 yake, na fundi haulizwi.

Turudi kwenye rundo letu. Kwa nini mguu wa nyuma ndio unaokatika? Kwa sababu mtoto hakai kama picha ya kwenye kitabu cha uraia. Anaegemea nyuma, anainua miguu ya mbele, anajibembeza. Uzito wote unakwenda kwenye kona moja iliyochomelewa, na kila anapojibembeza ile kona inakunjwa kidogo. Chuma kikikunjwa kidogokidogo mara elfu nyingi kinachoka, hata kama ingekibeba mizigo mizito ikiwa imetulia. Watu wengi wanadhani dawa ni bomba nene zaidi. Ni dawa, ila ya bei ghali. Dawa ya bei ndogo ni pembetatu.

Jaribu na vijiti vinne na misumari minne. Tengeneza mraba, ubonyeze kwa pembeni: unalala. Tengeneza pembetatu kwa vijiti vitatu, ibonyeze: haiendi popote mpaka kijiti chenyewe kivunjike. Ndiyo maana kenchi za paa zimejaa pembetatu. Ukiweka kipande cha mshazari kati ya mguu wa nyuma na kikalio, ile kona haikunjwi tena, na bomba la unene wa kawaida linatosha. Na kipande hicho kitatoka wapi? Kama ulishikilia ule mguu wa sentimita 80, una vipande vya sentimita 40 vimelala chini kwenye karakana. Hapo mabaki yanageuka kuwa uhai wa dawati. Kwa hiyo wala sisemi 74 ni bora kuliko 80 siku zote. Ninachosema ni kwamba kata zote zipangwe pamoja kwenye karatasi kabla msumeno haujawashwa.

Kuna gharama ambayo vitabu vingi huitaja kwa sentensi moja, lakini sisi wa Tunduma tunaishi nayo: umbali. Bomba linalotoka Dar es Salaam limesafiri zaidi ya kilomita 900 kwenye barabara ya TANZAM hadi linafika mpakani. Safari hiyo imo ndani ya bei yake. Halafu dawati likishatengenezwa Tunduma au Vwawa, linaanza safari nyingine kwenda milima ya Ileje au kushuka Momba, ambako wakati wa masika dereva anakutajia bei akiwa anaangalia mawingu. Na dawati lililokamilika ni mzigo wa hewa. Fuso inajaa haraka, uzito bado mdogo, lakini nafasi imekwisha.

Hapa mbunifu ana uchaguzi wa kweli. Anaweza kuchomelea pande mbili za chuma peke yake, zikalala bapa kama vitabu, na mbao zikafungwa kwa bolti zikifika shuleni. Gari moja linabeba mengi zaidi. Ila bolti zina masharti yake. Tumia saizi moja tu dawati zima, tuseme za milimita 8 zinazofungwa kwa spana namba 13, ambayo fundi pikipiki wa kijijini anayo. Ukichanganya saizi tatu, umeokoa shilingi mia na umewaachia walimu kazi ya kutafuta spana tatu. Faida nyingine ni matengenezo: ubao mmoja ukivunjika, unafunguliwa na kubadilishwa na mtu yeyote, hata pale ambapo umeme wa kuchomelea haujafika. Dawati lililounganishwa kwa kuchomelea tupu likipasuka kijijini, linaenda kwenye rundo.

Kuhusu mbao nitasema kwa kifupi. Paina nyingi tunayoitumia inatoka upande wa Mufindi, kwenye mashamba ya Sao Hill, na mara nyingi inafika ikiwa bado mbichi. Mbao mbichi ikifungwa leo, inasinyaa kesho kutwa, tundu la skrubu linalegea, ubao unajikunja. Kuipanga kivulini kwa wiki kadhaa, na vijiti katikati ili hewa ipite, kunagharimu muda tu. Lakini muda ndio kitu ambacho zabuni ya haraka haina, ndiyo maana vile vikalio vimepinda. Na paina bila dawa ya mchwa, kwa udongo wetu huu, ni chakula.

Mpaka hapa nimeongea kama vile mbunifu na karatasi yake wanatosha. Hawatoshi, na mfano mzuri uko jikoni kwako. Lile jiko la mkaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, lenye kiuno chembamba, asili yake ni Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wabunifu, akiwemo Maxwell Kinyanjui, walianza na wazo kutoka Thailand, jiko la umbo la ndoo lililowekwa udongo ndani. Lilikuwa linatunza moto, lakini Thailand hawasongi ugali. Mpishi wa kwetu anasonga kwa nguvu za mikono miwili, na ndoo nyembamba chini inataka kuanguka. Umbo likabadilika: juu pana, kati pembamba, chini pana tena ili lisimame imara. Udongo ukawekwa nusu ya juu tu, pale mkaa ulipo, kwa sababu nusu ya chini kazi yake ni kushika majivu na kusimama. Jiko likawa jepesi, udongo ukapungua, na mafundi wa jua kali wakaweza kulitengeneza wenyewe, wafinyanzi huku na wahunzi wa bati kule. Leo linauzwa mpaka soko la Tunduma na hakuna anayekumbuka kwamba liliwahi kuwa ndoo.

Angalia vizuri nini kilitokea pale. Punguzo la gharama lilikuja pamoja na malalamiko ya mtumiaji. Mtu anayesonga ugali ndiye aliyejua jambo ambalo mhandisi hakulijua.

Kwa dawati, anayejua ni mtoto. Pima watoto kumi wa darasa la kwanza na kumi wa darasa la saba, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Hapo ndipo kikalio kinatakiwa kufika. Utaona tofauti ni kubwa mno kwa dawati la kipimo kimoja, na utaelewa kwa nini watoto wa darasa la kwanza wananing'iniza miguu na kuishia kupiga magoti juu ya kikalio ili waandike. Watu wanaogopa kwamba vipimo viwili ni gharama mbili. Si lazima. Tofauti ikiwa kwenye urefu wa miguu tu, na mbao, bolti na kila kitu kingine kikibaki kilekile, fundi anabadilisha alama moja kwenye kifaa chake cha kukatia. Sana sana atahitaji fremu mbili za kushikilia vipande wakati wa kuchomelea, na fremu ya namna hiyo anapaswa kuwa nayo hata hivyo, maana ndiyo inayofanya dawati la mia moja lifanane na la kwanza bila kupima upya.

Kabla ya kukata chuma, tengeneza mfano. Siyo lazima mfano uwe wa chuma. Watoto wa Mbozi na Momba wanatengeneza magari kamili kwa mabua ya mahindi, yenye usukani unaogeuka, na sisi chuoni tunafundishwa kufaragua zana za kufundishia kwa maboksi na vizibo vya soda. Ni ujuzi uleule. Dawati la maboksi la ukubwa halisi linatengenezwa mchana mmoja. Halibebi mtu, lakini linakuonyesha kama goti linagonga kirafu na kama watoto watatu wakiandika kwa pamoja viwiko vinapigana. Kosa kwenye boksi linafutwa kwa wembe. Kosa hilohilo kwenye madawati 300 halifutiki.

Sasa tuje kwenye jambo lisilopendeza. Hata mchoro mzuri unakufa kwenye zabuni. Barua ya kuomba bei ikisema tu "madawati ya chuma na mbao, watu watatu", basi mafundi wote wanashindana kwa kitu kisichoonekana. Wa kwanza anapunguza unene wa bomba, kwa sababu ukipakwa rangi geji 20 na geji 16 zinafanana. Wa pili anachomelea nukta mbili badala ya kuzungusha kona nzima. Wa tatu ananunua mbao mbichi. Simlaumu fundi sana. Tumemwambia tunataka bei, ametupa bei. Lugha ya barua ndiyo yenye kasoro, na lugha ni kazi yetu sisi walimu. Andika unene wa bomba. Andika kwamba kona zichomelewe pande zote, na kwamba mshazari uwepo nyuma. Andika mbao iwe imekauka. Na unapolinganisha bei, gawanya kwa miaka: dawati la shilingi 60,000 likidumu miaka miwili, shule inalipa 30,000 kwa mwaka. La 80,000 likidumu miaka minane, inalipa 10,000. Hizi ni namba za mfano tu, lakini ukizipeleka kwenye kikao cha bodi ya shule zinaeleweka haraka kuliko hotuba.

Siku ya mapokezi, usisaini ukiwa umesimama mlangoni. Chagua madawati matano kutoka katikati ya mzigo, siyo yale ya mbele. Ligeuze kila moja miguu juu na uangalie chini, ambako rangi hupakwa kwa haraka. Kama shule haina kifaa cha kupimia unene, omba kipande cha bomba kilichobaki karakanani ukiangalie kwa ncha. Kisha waite walimu wawili wenye miili yao wakae upande mmoja, waegemee nyuma na kujibembeza kama watoto, taratibu mara ishirini. Wengine watacheka. Wewe angalia kona ya mguu wa nyuma, pale rangi inapoanza kupasuka mstari mwembamba kama unywele, na dawati lenye mstari huo lirudi kwenye gari kabla dereva hajawasha injini.